Ugali wa Nyapara

Mume wangu hajui kupika ugali wa watu wanne. Wa watu mia tatu anaujua. Ukimwambia leo tumebaki wawili tu, pika kidogo tule tulale, atasimama katikati ya jiko na mwiko mkononi kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, na mwisho wake tunakula kiporo siku mbili na kuku wanasaza. Nilishaacha kulalamika. Kila harusi ya kwetu, kila msiba, kila msimu wa pamba wapakiaji wanapojaa kituoni, anaitwa yeye. Anakwenda na kofia yake, na mimi nakaa kivulini na kanga mpya kama mke wa mkurugenzi. Wageni huuliza alisomea wapi mapishi. Namwacha ajibu mwenyewe. "Chuo cha serikali," anasema. "Chakula na malazi juu yao."

Alisomea gerezani.

Niseme mapema, ili mtu asinipe pole nisiyoistahili: mume wangu hakuonewa. Alikubali kuswaga ng'ombe kutoka Migato kwenda mnadani pamoja na rafiki zake, akaambiwa ni ng'ombe wa mahari wanaokwenda kuuzwa. Jamani, ng'ombe wa mahari gani wanaopitishwa porini, wakikwepa kila njia yenye watu? Alijua. Kama hakujua kwa kichwa, alijua kwa miguu. Sungusungu wa Migato, wale walinzi wa jadi wenye pinde na filimbi, walifuata kwato mpaka kijijini kwetu, upande wa Mwamapalala, na kijiji kizima kikaaibika mbele ya wageni. Polisi wakamchukua kumpeleka Bariadi mjini. Lakini kabla hajapakiwa garini, kiongozi wa sungusungu wetu, ambaye tunamwita mtemi, alisimama mbele ya watu akatamka kwamba mtu huyu ametengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asiuziwe chumvi, kwake kusiende mtu kuzika. Maneno yale yalinipita. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia hasikii matangazo.

Mtemi huyo alikuwa jirani yetu. Mji wetu, yaani boma letu, na wake ilitenganishwa na njia ya ng'ombe tu, na mke wake alikuwa rafiki yangu kuliko dada zangu wa tumbo moja. Tuliolewa kijijini pale mwaka mmoja, mimi nikilia kwa kukumbuka kwetu, yeye akinicheka. Akicheka alikuwa anakupiga bega, na mkono wake ulikuwa mzito, wa kulima. Nilikuwa narudi kutoka kisimani na bega linauma kwa furaha.

Mjini Bariadi nilihangaika kwenye korido za mahakama mpaka nikaelekezwa kwa mama mmoja wa parokiani. Alikuwa karani wa mahakama zamani, amestaafu, na padri alimpa veranda ya ukumbi ili awasaidie watu wenye kesi na watu wanaotoka kifungoni. Mnene, sauti ya kwaya, anaendesha baiskeli ya kiume na gauni limekusanywa gotini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyooshea maji ya kunywa, akasema, "Mwanangu, nisikudanganye. Kesi ya mumeo ni mbovu. Ila ipo mbovu kuliko hiyo, nayo ni ya mtu anayemdanganya hakimu. Mwambie aseme kweli, mimi nitamwombea kwa hakimu apunguziwe." Mume wangu akasema kweli, jambo ambalo hakuwa amelizoea sana siku hizo. Akapigwa miaka mitatu. Nilianguka chini pale pale mahakamani. Yule mama akaniinua kwa kwapa, akanieleza kwamba akiwa na tabia njema theluthi itasamehewa, na kwamba gerezani kuna siku za kutembelea, na sabuni inaruhusiwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche namkumbuka yeye. Aliipeleka mwenyewe, kila alipoweza, gereza la mkoani, Shinyanga, na akirudi ananiletea habari. "Mumeo yuko jikoni. Anapika." Baadaye, "Mumeo amekuwa nyapara wa jikoni." Yaani mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wafungwa wenzake. Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu hukumu. Mwanaume ambaye kwetu hakujua chumvi inakaa wapi!

Miaka miwili ile kijiji hakikuniacha. Aliyetengwa ni yeye, mimi na watoto na mama mkwe hatumo, ndivyo walivyoelewana bila kuniambia. Rafiki yangu alikuja na jembe lake kila msimu wa palizi kabla hajamaliza shamba lake. Tulikausha michembe, vile vipande vya viazi vitamu, pamoja juu ya mwamba ule ule. Moto wangu ukizimika, navuka njia ya ng'ombe na kigae changu mkononi, ananiwekea makaa, ananipiga bega. Siku hizo viberiti vilikuwepo dukani, lakini nani kwetu alikuwa ananunua kiberiti na jirani ana moto? Ingekuwa dharau.

Basi bwana, akarudi.

Alirudi kwa miguu kutoka barabara kuu, asubuhi, amebeba mfuko wa rambo, amekonda shingo lakini mikono imekuwa minene. Nililia, nikacheka, nikachinja jogoo. Yeye alikuwa anashangaa kila kitu. Alipoingia kifungoni pamba ilikuwa ya chama cha ushirika peke yake. Alipotoka, magari ya wanunuzi binafsi yalikuwa yanapishana vumbi tupu, kila mmoja na mizani yake, na kijana wa jirani amevaa koti la mtumba lenye maandishi ya Kizungu mgongoni. "Serikali imekwenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia ipo, ila imepunguza maneno.

Na gereza lilikuwa bado halijamtoka. Aliamka kabla ya jogoo akakunja blanketi pembe nne. Bwana mifugo alipopita barabarani na kofia yake, mume wangu alichuchumaa. Hakujijua. Alichuchumaa tu, mikono mbele, akasema "Shikamoo afande," na bwana mifugo wa watu akatazama nyuma kuona afande yuko wapi. Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda nyuma ya ghala nikajifuta macho.

Kesho yake nikaenda kisimani. Rafiki yangu alikuwa pale anainama juu ya ndoo. "Mwangaluka!" nikamwamkia salamu yetu ya asubuhi, kwa sauti, maana nilikuwa na habari za kumpa mpaka jioni. Hakuitika. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akajitwika ndoo mwenyewe, kitu ambacho hatukuwahi kufanya hata mara moja, siku zote tulitwishana, na maji yakammwagikia kifuani, akaondoka hajanitazama. Wanawake wengine wakawa wanashughulika na kamba. Nikaenda dukani, mwenye duka akaanza kupanga sabuni zilizokwisha pangwa. "Chumvi," nikasema. Akapanga sabuni.

Jioni mtemi mwenyewe akaja. Alisimama nje ya uzio wetu na upinde wake begani, akakohoa. Kwa kuwa sheria yake mwenyewe ilimkataza kutusemesha, na ujumbe lazima aufikishe, akamgeukia mbwa wetu aliyekuwa amelala langoni. "Wewe mbwa," akasema kwa heshima kabisa, "waambie wenyeji wako kwamba aliyetengwa alipokuwa mbali, adhabu ilikwenda naye. Amerudi, imerudi naye. Anayelala nyumba moja naye imo kwake." Mbwa akapiga mkia. Mimi nikatoka jikoni nimeshika kiuno. "Na wewe mbwa," nikasema, "mwambie mgeni wako kwamba mtu huyu amekwisha fungwa! Ametumikia! Kosa moja analipa mara ngapi?" Mtemi akamwambia mbwa, "Alilipa kwa serikali. Kwetu hajalipa." Akaenda zake. Haki ya Mungu, nilitamani kumrushia mwiko, na wakati huo huo nilikuwa nazuia kicheko, maana mbwa alimsindikiza.

Lakini usiku hatukucheka. Mume wangu alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye miaka miwili amelala na watu mia tatu na wote walikuwa wanamsalimia. Alikuwa na binamu Lamadi, kule ziwani, anayechuuza dagaa, na binamu alishatuma neno kwamba kazi ipo. "Mvua za kwanza zikinyesha na bado hatusalimiwi, tunahama," akasema. Mimi sikutaka. Shamba lile nililivunja mimi kwa mikono yangu, kipande kwa kipande. Na mama mkwe alikuwa mzee, miguu imevimba, hawezi safari. Akifa ametengwa, nani angekuja kumchimbia? Alilisema mwenyewe pale gizani, wala hakulia. "Mtanizika nyie wawili kama paka?"

Asubuhi nikaenda Bariadi kwa yule mama wa parokiani. Nilifika nimechemka. Nikamwambia awashtaki kijiji kizima, mtemi wa kwanza. Akaniuliza kama nimekula, akanipa chai. Kisha akapanda baiskeli yake, na mimi nyuma kwenye keria, gauni lake linanipiga usoni njia nzima, mpaka kijijini.

Alizungumza na mtemi chini ya ukuta wa shule, nikisikiliza kutoka mbali kidogo, maana mimi sisemeshwi. Alikuwa mkali. Alisema mtu akimaliza kifungo amemaliza, na atakayemgusa, atakayemnyang'anya shamba, atakayewazuia watoto wake shule, atamwona mahakamani na sauti yake hii hii. Mtemi akaitikia kila neno. Hakuna aliyemgusa, akasema, wala hawatamgusa. Watoto wanasoma. "Lakini mama, wewe unajua vifungu. Kutomwamkia mtu ni kosa la kifungu gani?"

Yule mama alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha kwaya. "Hakipo," akasema. "Hapo umenikamata. Sasa niambie, mnataka nini ili aamkiwe?"

Walichotaka ni kile cha siku zote. Ng'ombe achinjwe, kijiji chote kije kula, kila mji, na chakula kitoke mikononi mwa mji wenye kosa, bila msaada wa jirani yeyote, kwa sababu jirani hawezi kumsaidia mtu aliyetengwa. Wakishakula, wamepokea. Ndipo mtu amerudi.

Lo! Ukilifikiria hilo ndipo unapoona utamu wake. Chakula cha kijiji kizima kwetu hupikwa na wanawake wa kijiji kizima. Hatuwezi kurudi mpaka wale, hawawezi kula mpaka kipikwe, na wa kupika ni mimi na kikongwe mwenye miguu iliyovimba. Tulipofika nyumbani nilimwambia mama wa parokiani kwamba wametutega. Hata ng'ombe hatukuwa nao, waliuzwa wakati wa kesi.

"Yupo," mama mkwe akasema kutoka mkekani. Alikuwa na ng'ombe wake mmoja, jike jekundu, aliyekuwa anasema siku zote kwamba ni wa msiba wake, ili watu watakaokuja kumzika wale washibe. Hata mume wangu hakuwahi kuthubutu kumtamani. "Mchinjeni. Nitazikwa bila nyama, lakini nitazikwa na majirani."

Mume wangu akainuka pale alipokuwa amekaa. Tangu arudi sikuwa nimemwona amesimama namna ile, kifua mbele. "Wako wangapi kijijini, ukiweka na watoto?" Nikamkadiria. Akafumba macho, midomo ikicheza. "Mapipa matatu yaliyokatwa nusu," akasema. "Miiko miwili mirefu, ya mti mgumu. Unga magunia haya na haya. Nyama nitaianza jioni."

"Wewe?" nikasema.

"Nani tena?"

Mwanaume apike, mbele ya kijiji, mchana kweupe! Mama mkwe alijifunika uso na kanga, mabega yanamtetemeka, sikujua analia au anacheka, kumbe vyote viwili. "Nilizaa wanaume watupu nikamlalamikia Mungu," akasema. "Kumbe alinisikia, amechelewa tu." Yule mama wa parokiani alipiga makofi. Kwa kuwa yeye si mkazi wa kijiji chetu, hakuna kilichomzuia. Mashine ya kusaga ilitukataa, akapeleka mahindi yetu kusagwa mjini. Mapipa hatukuwa nayo, akayaleta na masufuria ya ukumbi wa parokia juu ya trekta la misheni, yeye mwenyewe amekaa juu ya mapipa kama malkia, anaimba. "Vifungu vimekwisha," aliniambia akishuka. "Sasa sheria imeleta masufuria."

Jumapili ile, watu walipotoka ibadani, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti pamoja, walikuja uwanjani kwetu. Walikuja wote. Hawakusalimia. Wakasimama pembeni wametazama upande mwingine, kama watu waliopita tu wakakuta kuna moshi. Mtemi mbele na upinde wake. Rafiki yangu katikati ya wanawake, ameshusha kanga mpaka kwenye nyusi. Nilimwona. Alijua nimemwona.

Na mume wangu alikuwa anapika. Amevua shati, amefunga kitambaa kichwani, amesimama juu ya kigoda mbele ya pipa, anasonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia, jasho linamtiririka, na ugali unageuka kwa amri yake. Hakuwa yule aliyechuchumaa kwa bwana mifugo. Nilimtazama nikaona aibu ya kumtamani mume wangu mbele za watu. Wanawake nao walisahau kutazama pembeni. Nikasikia mmoja ananong'ona, "Wa kwangu hata chai!"

Harufu ya nyama ikafanya kazi yake. Watoto wakasogea, vijana wakawafuata, watu wakaanza kusukumana kuelekea mapipa, bakuli zinagongana. Mume wangu alikuwa ameinama anaonja mchuzi. Akasikia msukumano ule nyuma yake. Akageuka na mwiko juu, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia nyumbani kwangu kabla wala baada ya siku ile.

"Chini! Wawili wawili! Mikono mbele! Hesabu!"

Na kijiji kikachuchumaa.

Sijui nikwambieje. Wote! Wazee, makatekista, mwenye duka, sungusungu na pinde zao, wawili wawili, safu ndefu kutoka kwenye mapipa mpaka kwenye uzio, bakuli mkononi. Mtemi naye, kwenye safu ya mbele, magoti yamepanda masikioni. Hata yule mama wa parokiani alikuwa amefika nusu ya njia kwenda chini kabla hajajikumbuka.

Mume wangu akautazama mwiko wake, akawatazama, na nikaona mwiko unashuka polepole. Nilijua sasa tumekwisha. Mtu aliyetengwa amewachuchumaza wakubwa wa kijiji kama wafungwa, mbele ya wake zao! Nikaanza kuiona barabara ya Lamadi na mizigo yetu juu ya lori. Mama mkwe akasema polepole, "Yesu na Maria."

Mtemi alikaa vile vile chini. Alitazama kushoto, akatazama kulia kwa aliyechuchumaa naye. Kisha akapaza sauti, "Mbili!"

Safu ya pili ikatazamana. "Nne!" wakasema.

"Sita!" "Nane!" Na hesabu ikaenda nyuma, kila safu ikiipokea na kuirusha, watoto wakipiga kelele, wazee wakikosea na kurudishwa, kicheko kikipanda nayo, mpaka ikafika kwa wanawake, na hapo ikafia, kwa sababu hakuna aliyeweza kutamka namba. Rafiki yangu alikuwa amelala ubavu, kanga imemtoka kichwani, anampiga bega mwanamke wa karibu. Bega lile lilikuwa haki yangu. Niliona wivu, kusema kweli, wivu mkali.

Kicheko kilipotulia, mtemi alikuwa bado amechuchumaa. Akamwuliza mume wangu, si kupitia kwa mbwa, moja kwa moja, "Kwa hiyo hivi ndivyo mlivyokaa?"

"Kila siku, mtemi. Asubuhi na jioni."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

Mtemi akajipapasa goti. "Yanauma," akasema.

"Yanauma," mume wangu akasema.

Hakuna aliyecheka. Mtemi alinyanyuka kwa kujikongoja, akanyoosha bakuli lake, akapakuliwa wa kwanza, akala pale pale amesimama, tonge la kwanza na la pili. Kisha akafuta mkono, akamshika mume wangu mkono wake wenye unga. "Mwangaluka," akamwambia. Jua lilikuwa limeshapinda zamani. Mtu mmoja akacheka kwamba mtemi anamwamkia mtu salamu ya asubuhi saa ya alasiri. "Ni ya asubuhi ile aliyorudi," mtemi akasema. "Nilikuwa nayo."

Walikula. Jamani walikula! Na bado chakula kilibaki, maana mume wangu alikuwa amepika ugali wa gereza zima, hakujua kupunguza. Wanaume wakaja mmoja mmoja kumpa mkono. Mwenye duka aliniletea chumvi bila kuitwa. Lakini rafiki yangu alikula, akasuuza bakuli lake, akaondoka na kundi la wanawake, hajanifikia. Nami sikumfuata. Nilinuna. Mimi nikinuna nanuna kweli, waulize watoto wangu. Alinipita kisimani na maji yanammwagikia kifuani, mimi nimfuate? Thubutu!

Jioni, tunasugua mapipa, mume wangu akaniambia, "Wanaume wamemaliza. Yaliyobaki ni ya kisimani, yenu wanawake." Mizigo yake aliyokuwa amefunga kwa ajili ya Lamadi ilikuwa bado imeegemea ukuta. Hakuifungua. "Tungoje tuone asubuhi," akasema. Nililala nimekasirika, sijui na nani. Siwezi kuishi mahali ambapo wanaume wote wananiamkia na yeye hanisemeshi. Hilo nililijua kabla usingizi haujanichukua.

Asubuhi nilikuwa nachochea jiko. Makaa ya mapipa ya jana yalikuwa bado yanawaka chini ya majivu, sikuhitaji hata kupuliza. Nikasikia mbwa anapiga mkia langoni. Nikainua kichwa.

Rafiki yangu alikuwa amesimama pale, ameshika kigae. Hakuvuka lango. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri, ile ya kanisani, asubuhi mapema vile, kwa ajili ya kuja jikoni kwangu.

"Mwangaluka," akasema.

Nilitaka nimwache asimame kidogo. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, maneno ninayo, makali. Nikajikuta naitikia na kuuliza kama ni kwema, "Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola." Akatazama kigae chake. "Nimekuja kuomba moto. Wangu umezimika."

Nikachukua kigae mkononi mwake. Nilichagua kaa kubwa, nikaongeza la pili, nikaongeza la tatu mpaka kigae kikawa hakishikiki, nikakizungushia jani la mgomba. Nilipoinuka kumpa ndipo nilipoona kule ng'ambo ya njia ya ng'ombe, juu ya paa la jiko lake, moshi mwingi mzito wa asubuhi, na mtoto wake anatoka mle ndani amebeba uji unaofuka.

Yeye aliona nimeona. Alipokea kigae, na kwa mkono wake wa pili, ule mzito, akanipiga bega.

Nyuma yangu nikasikia mume wangu anafungua mizigo.